Dawa Bado

1

Jumapili ya tatu mfululizo baba yangu alinishukuru kwa pilipili. Sikuwa nimemtumia pilipili. Kwa heshima na taadhima zote anazostahili mzazi, nilianza kumshuku.

Nilikuwa ofisini kwa Matroni Nyalusi, nimekaa mbele ya simu ya maandishi, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wasichana kumi. Katika shule nzima ya Lupembelo, wasichana mia nne na ushee, ni sisi kumi na mmoja tu wenye wazazi viziwi, na siku yetu ni Jumapili baada ya chakula cha mchana. Unalaza mkono wa simu kwenye vikombe viwili vya mpira, unaandika, na mashine inageuza kila herufi kuwa milio. Upande wa pili mashine nyingine inasikiliza ile milio na kuigeuza kuwa herufi za kijani kwenye kidirisha chembamba kama rula.

Mashine hizi ni za kale. Zilikuwa zimetupwa stoo hadi Mwaka wa Uzushi, mwaka ule ambao watu walipokea mitandaoni talaka, wosia na rambirambi ambazo hakuna binadamu aliyeziandika. Serikali ikafunga maandishi yote ya mtandaoni. Ikabaki sauti peke yake, kwenye laini moja iliyokula kiapo cha kutopitisha uzushi. Viziwi walikaa miezi saba bila njia yoyote, mpaka mtu mmoja mwenye akili timamu akakumbuka kwamba sheria ilikataza maandishi, haikukataza milio.

Ujumbe wa baba ulikuwa huu:

*Mpendwa mwanangu, nimepata pilipili. Bado nina dawa ya macho. Usiwe na wasiwasi. Sasa ni zamu yako.*

Niliusoma mara mbili. Baba yangu, Ambakisye Mwasomola, fundi wa mashine hizihizi, hajawahi kuniita mpendwa. Anaandika kama anavyozungumza kwa mikono, maneno machache yenye uzito, na mwisho wa zamu yake huandika ZY, yaani zamu yako, basi. Tena kulikuwa na jambo la mlio. Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na nimelelewa sakafuni katika karakana ya baba. Mashine yake ina mlio mzito uliolegea kidogo, kama mtu mwenye mafua. Naujua kama watoto wengine wanavyojua kikohozi cha baba zao. Jumapili ile mlio haukuwa na mafua.

"Mwasomola, wenzako wanasubiri," alisema Matroni.

Nikaandika: HONGERA BABA. USISAHAU KUTIA DAWA. ZY. Kisha nikanyanyuka, nikamwachia kiti msichana wa kidato cha kwanza, nikatoka na tuhuma zangu.

Lazima nieleze habari ya hiyo dawa. Baba ana presha ya macho. Kila asubuhi na jioni anatia tone moja kila jicho, na daktari alitwambia waziwazi kwamba akikaa mwezi bila dawa nuru itaondoka na haitarudi. Kipofu wa kawaida hubaki na masikio. Baba masikio yake ndiyo hayohayo macho.

2

Limi ndiye mtunza ufunguo wa maabara ya fizikia, cheo alichopewa kwa sababu ya uaminifu wake, na ninachokitumia kwa sababu ya urafiki wetu. Jumatano baada ya vipindi alinifungulia. Nilimpelekea sahani ya sabuni yenye mfuniko, na chini ya sabuni kulikuwa na kinasa sauti kidogo, ambacho ni marufuku kwa mujibu wa kanuni ya kumi na nne ya shule.

Aliniuliza mna nini ndani. Nikamwambia mna milio miwili ya baba. Mmoja nilikuwa nimeunasa Jumapili, kinasa kikiwa mkononi mwa sweta. Mwingine ni wa mwaka jana.

"Wa mwaka jana wa nini?"

Ikabidi nimweleze jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu. Mwaka jana, kidato cha pili, nilikata vipande vya milio ya baba, nikaviunganisha upya, nikavichezesha kutoka simu ya ofisi ya Mkuu wa Shule kwenda ya Matroni. Ulikuwa ujumbe mfupi wa baba akiniombea ruhusa ya siku nne kwenda kwenye arusi ya shangazi Ikupa. Matroni alinipa ruhusa, na akanipa kanga ya kumpelekea bibi arusi. Shangazi Ikupa ana wajukuu.

Limi alisema alijua mimi ni mtundu, hakujua kwamba mimi peke yangu ni Mwaka wa Uzushi.

Utundu wangu uliojulikana ulikuwa mdogo zaidi. Mimi naweza kupiga mluzi wa noti zote mbili za simu hizi. Kuna mlio mzito, mawimbi elfu moja na mia nne kwa sekunde, ambao maana yake ni moja. Kuna mwembamba, elfu moja na mia nane, ambao maana yake ni sufuri. Kila herufi ni milio mitano, imetanguliwa na mmoja wa kubisha hodi na kufuatwa na mmoja wa kuaga. Ukipiga mluzi karibu na vikombe vya mpira wakati ujumbe unapita, unageuza mlio mmoja, na herufi inakuwa nyingine. N na M zinatofautiana kwa mlio wa mwisho tu. Dada mmoja wa kidato cha sita alimwandikia mama yake NITUME BARUA LINI, nami nikapiga mluzi mmoja wa haki. Mama yake akapokea MITUME BARUA LINI, akajibu kwa hofu kuuliza kama shule imebadili dini. Nilisafisha vyoo wiki nzima. Sijutii.

Limi aliunganisha kinasa na oskiloskopu, ule mtambo wa kuonyesha mawimbi kwenye kioo. Kwanza tukaona ujumbe halisi wa baba wa mwaka jana, kabla sijaukata. Wimbi lilipita likiwa vilima vipana, kisha vilima vya kubanana, kisha vipana tena, bila kukatika popote, kama mtu anayetoka kutembea na kuanza kukimbia pasipo kusimama. Limi alipima vile vipana. Badala ya elfu moja na mia nne, alipata elfu moja mia tatu themanini na nane. Hayo ndiyo mafua ya mashine ya baba. Na kati ya herufi na herufi kulikuwa na mapengo yasiyolingana, kwa sababu baba hubonyeza kwa vidole viwili na hutafuta Z kila mara kana kwamba imehama.

Kisha tukaona wa Jumapili. Elfu moja na mia nne kamili. Mapengo yote sawasawa, kama meno ya kitana kipya.

"Huyu si baba yako," alisema Limi. "Huyu ni karani."

Sote wawili tulifikiria swali lilelile. Kama huyu ni karani, baba yuko wapi?

Limi ndiye aliyekumbuka Mnyoosho. Mwanzoni mwa muhula Shirika la Laini Nyoofu lilileta tangazo la rangi, likabandikwa mlangoni kwa Matroni: tangu sasa Kiswahili cha kila kiziwi kitafika kikiwa kinyoofu kama cha mtangazaji wa redio. Ilikuwa zawadi. Mtambo ulikaa katikati ya laini, ukasikia milio ya kiziwi, ukaielewa, ukaisafisha, ukaipiga upya. Chama cha viziwi kilishukuru kwa barua. Wasichana wote kumi na mmoja tulishangilia, maana wenzetu walikuwa wakisoma ujumbe wa wazazi wetu begani na kucheka.

Kwa hiyo mlio ungekuwa mpya hata kama baba ni mzima. Nilipumua. Lakini nilipumua nusu tu, kwa sababu mtambo unaosafisha maneno ya mtu lazima kwanza ujue alitaka kusema nini, na mimi baba yangu ninamjua. Na huo mtambo, nani aliutambulisha kwa baba?

3

Jumamosi ni siku ya usafi mkuu. Shule nzima huwa na ndoo mkononi, na msichana mwenye ndoo anaweza kuingia popote bila kuulizwa. Mimi nilijipangia ofisi ya Matroni, ambaye alikuwa jikoni akikagua masufuria. Limi akajipangia ofisi ya Mkuu wa Shule. Kila ofisi ina simu ya maandishi, na simu zote, hata za vyumba viwili vinavyotazamana, hupita kwenye laini ileile iliyokula kiapo.

Tulikubaliana aandike vile ambavyo baba angeandika. Nilimpa karatasi. Juu kabisa niliandika PILIPILI, kwa sababu tangu nikiwa mdogo hilo ndilo jina ninaloitwa nyumbani. Simu ikaita, taa ikawaka, nikalaza mkono wa simu. Herufi za kijani zikapita:

*Nimepata pilipili.*

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nikiwa na dekio mkononi. Kumbe baba alikuwa akiniita jina langu, na mtambo, ukiona neno pilipili peke yake halina kitenzi, ukampa kitenzi.

Kicheko kilinikauka kwa mstari wa pili. Nilikuwa nimemwandikia Limi maneno mawili tu, DAWA BADO. Yakafika hivi:

*Bado nina dawa.*

Kwetu, mikononi mwa baba, neno bado hukaa mwisho, na likikaa mwisho linafunga mlango. Chakula bado, yaani hakuna chakula. Pona bado, yaani sijapona. Mtu yeyote anayesikia angeuliza swali dogo: bado unayo, au bado hujapata? Mtambo haukuuliza. Ulichagua maana inayopendeza, ukaipiga pasi, ukaituma.

Nikahesabu Jumapili. Tatu. Mara tatu baba yangu aliniambia hana dawa, na mara tatu nikamjibu hongera.

Tena kliniki nayo humtumia chupa ya dawa kila anapopiga simu kuiomba. Nayo iko kwenye laini hiyohiyo. Bila shaka walimpongeza pia.

Nikaandika kwa haraka kumwambia Limi aache. Lakini Limi alikuwa bado anaandika, na safari hii kilichokuja kilikuwa takataka:

$-2- ?-$9

Alikuja mbio na ndoo yake, akaomba radhi. Alisema kidole kilikuwa kimegusa kitufe cha Tarakimu, akaandika DAWA BADO mara ya pili bila kujua.

Nilimshika mabega. Milio mitano inatosha kutengeneza alama thelathini na mbili tu, haitoshi herufi na namba kwa pamoja. Kwa hiyo mashine ina vitufe viwili, Herufi na Tarakimu, na milio ileile ina maana mbili kutegemea kipi kimebonyezwa mwisho. D ni alama ya dola, A ni kistari, W ni mbili, O ni tisa. Viziwi wote wanaijua ajali hiyo. Wanaiita kuingia kwenye hesabu. Baba alinifundisha kusoma hesabu nikiwa na miaka sita, kama mchezo. Alikuwa ananiandikia 08)808)8, nami nakimbia kwa sababu nimeitwa.

"Haikunyooshwa," nilimwambia Limi.

Akafikiri. Akasema tangazo la mlangoni lina maandishi madogo chini: kwa mujibu wa sheria, tarakimu hazitaguswa, zisije zikabadilishwa bei na namba za watu.

Nikapiga simu ya nyumbani palepale, nikabonyeza Tarakimu, nikaandika kwa hesabu: BABA MIMI PILIPILI. DAWA? ZY.

Taa ya laini ikakaa kimya. Dakika moja, labda mbili. Kisha mlio ukaja, na kioo kikajaa alama moja baada ya nyingine, polepole sana, polepole kuliko alivyowahi kuandika. Nilisoma bila karatasi.

DAWA BADO. MARA TATU SEMA. WEWE CHEKA. KWA NINI CHEKA

Hakumaliza kwa ZY.

4

Limi alikuwa na mpango kabla sijafuta macho. Ulikuwa mpango mzuri, na aliutoa kwangu mwenyewe. Kinasa kilikuwa kwenye sahani ya sabuni. Milio ya baba ya mwaka jana ilikuwa humo. Tungekata, tuunganishe, tuchezeshe kutoka kwa Mkuu wa Shule: MTOTO AJE NYUMBANI HARAKA. Mnyoosho ungetusaidia, uongo wetu ungefika umepigwa pasi, na sarufi juu. Kufikia saa nane ningekuwa barabarani, na kabla ya jua kuzama baba angekuwa na dawa.

Ukweli ulikuwa na njia ndefu zaidi. Nimwendee Matroni, mimi, msichana wa mitume, nimwambie kwamba zawadi ya Shirika inadanganya. Ataniuliza nimejuaje mlio wa baba si wake. Kujibu nitahitaji kutoa kinasa, na kwenye kinasa kuna arusi ya shangazi Ikupa. Kughushi ujumbe wa mzazi, tangu ule Mwaka, si kosa la vyoo. Unafukuzwa, na jina lako linabandikwa kwenye shule zote za mkoa.

Nilishika sahani ya sabuni. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kutafuta kipande chenye neno MTOTO.

Kilichonizuia si uadilifu. Nilisikia tu kwenye kinasa ile M ya baba, yenye mafua, niliyokuwa nataka kuikata kutoka neno lake na kuibandika kwenye langu. Na nikaona kwamba kazi hiyo tayari ina mwenyewe. Kuna mtambo mzima umejengwa kuifanya. Nao ulikuwa na nia njema kama yangu. Halafu wale wenzangu kumi, ambao wazazi wao wanaandika bado mwishoni, kesho wangekaa kwenye foleni na kusoma kwamba kila kitu kipo.

"Utafukuzwa," Limi alisema.

"Ndiyo. Nenda kamwite Matroni. Mwambie nimevunja simu yake, atakuja mbio."

5

Matroni Nyalusi alikuja na mwiko mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayehesabu vitu vya ofisini mwake. Nilimweleza yote kuhusu bado, pilipili na hesabu. Arusi sikuitaja. Nilikuwa nimeamua kuwa mwaminifu, lakini kwa awamu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amefanya kazi ya umatroni miaka kumi na tisa na hajaona msichana mwenye maandalizi kama mimi. Akaniamuru nisimame ukutani, mikono kichwani, na Limi asimame mlangoni. Akakaa mwenyewe, akapiga namba ya baba kutoka kwenye faili lake, si ile niliyomtajia. Akaandika kwa herufi za kawaida: MZEE SHIKAMOO. NI MATRONI. DAWA YA MACHO UNAYO?

Jibu lilikuja: *Marahaba, Matroni. Bado nina dawa. Asante kwa kuniuliza.*

Akanigeuzia uso. Nikamwomba abonyeze Tarakimu, aulize tena. Alibonyeza kwa ncha ya mwiko, kama mtu anayegusa kitu kinachoweza kuuma. Akauliza. Alama zikaja, naye akawa anatafuta kila alama kwenye kitufe chake na kuandika herufi yake kwenye karatasi. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe karatasi ikasomeka DAWA BADO.

"Maneno mawili," alisema. "Huenda mmeyapanga. Huenda kuna mwenzenu wa tatu kwenye simu nyingine." Alikuwa na haki ya kushuku, mimi mwenyewe ningejishuku. Akagongagonga mwiko kwenye goti. "Nitamwuliza kitu ambacho Mwasomola na baba yake wanakijua, na wengine hawakijui."

Nami nikajua swali kabla hajaligusa.

Aliandika kwa hesabu, polepole, huku akilitamka neno kwa neno: ARUSI YA IKUPA MWAKA JANA ILIKUWAJE?

Niseme hapa nilikuwa nimesimama wapi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye vikombe vya mpira. Mikono ilikuwa kichwani, lakini mdomo haukuwa umefungwa na mtu. Mluzi mmoja, hata wa nusu sekunde, ungetosha. Jibu la baba lingefika vipandevipande, Matroni angelaumu laini, angeuliza swali jingine rahisi zaidi, na baba angepata dawa, na mimi ningebaki shuleni. Nilikuwa tayari na hewa kifuani. Limi alikuwa ananitazama midomo.

Mlio wa kwanza ukaja. Mzito, halafu mwembamba, ukivuka kutoka mmoja kwenda mwingine bila kukatika. Hata kupitia Mnyoosho, yale mapengo yalikuwa yamerudi, marefu mno, kwa sababu tarakimu hazinyooshwi wala mwendo wake. Baba alikuwa anatafuta vitufe kwa kupapasa.

Nilimeza ile hewa.

Matroni aliandika herufi moja moja. Kulikuwa na mahali ambapo hapakutokea alama, ila taa ya juu iliwaka, na nikamwambia kwamba kwenye hesabu taa ikiwaka ni S. Alinitazama, akaandika S. Sentensi zilipokamilika alizisoma kimya. Kisha akazisoma kwa sauti.

"Arusi si jua. Ikupa olewa zamani. Pilipili zaliwa bado."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine ningelipa kwa chai yangu ya wiki nzima kusikia sentensi hiyo ofisini kwa Matroni. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya kitenge, akaivaa. Alitazama neno la mwisho, bado, likiwa limekaa mahali pake.

"Nilimtumia kanga," alisema.

"Ipo, Matroni. Iko sandukuni kwangu. Sikuweza kuivaa."

Alisema mtu akitunga ushahidi hajitungii wa kujifunga mwenyewe, kwa hiyo huyo aliyeko kwenye laini ni Mzee Mwasomola, na haoni vizuri, na hana dawa. Akasema Mkuu wa Shule atajulishwa Jumatatu habari ya kughushi, na kwamba nisitegemee yeye atanyoosha neno hata moja la taarifa hiyo. Nikasema ndiyo, Matroni. Alikuwa tayari amesimama na kutafuta funguo za gari la kubebea mboga.

"Shusha mikono, Mwasomola. Mwandikie tunakuja. Kwa hesabu."

Nikaandika. Niliongeza, HAKUNA ALIYECHEKA. Ilipofika zamu yake, baba alirudisha alama nane tu: 08)808)8.

6

Daktari wa zamu katika hospitali ya njiani alimwelewa Matroni upesi kuliko alivyotuelewa sisi, akatupa chupa mbili. Tulifika nyumbani jioni jua likiwa bado limesimama juu ya mlima. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Baba alikuwa amekaa benchi lake, pua yake karibu igusane na kidirisha cha mashine, na vidole vimekaa juu ya vitufe kana kwamba ana zamu.

Niligonga sakafu kwa kisigino, kama tunavyofanya, atambue kwa mtikisiko. Akageuka. Nilimtia matone kabla sijamsalimu, moja kila jicho, na yeye akakaa ametazama dari, machozi na dawa vikishuka pamoja. Matroni alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa kama za ubao wa tangazo: juu, DAWA BADO, chini yake, BADO NINA DAWA, katikati akachora mshale na kuandika jina la Mnyoosho. Baba aliishika karatasi karibu kabisa na uso, akaisogeza upande wa kulia, akaisoma kwa muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti ambacho mimi nimekirithi pamoja na sauti.

Ndipo nikauliza nililokuwa naogopa tangu asubuhi ile, kwa mikono, karibu na kifua chake: unaniona?

Aligusa jicho la kushoto. ONA, akasema kwa mikono. Kisha, mahali pake pa siku zote, mwishoni: BADO.

Nilielewa. Mlango huo ulikuwa umefungwa.

Akagusa la kulia. Mikono ikaanza, ikasimama hewani, na usoni mwake nikaona kitu ninachokifahamu kutoka kwenye kioo cha bweni, sura ya mtu anayeandaa utundu mbele ya mkubwa. Akageuza maneno, kama mtambo. BADO, akasema kwanza. ONA.

Sikumwamini. Nilikuwa nimeshajifunza kutoamini chochote kinyoofu. Basi akainama, akaashiria miguu yangu, akauliza kwa nini nimevaa soksi moja nyeupe ya shule na nyingine ya kijani ya mtu mwingine.